Njoo na Kalamu

Wiki ya sita nilirudishiwa karatasi yangu
imekunjwa mara mbili, kama barua ya posa iliyokataliwa.
Tisa juu ya thelathini.
Nikaitia mfukoni, nikatoka na wenzangu
nikicheka nao kitu ambacho sikukisikia.

Kwetu Fundisa wananiita daktari tayari.
Baba mdogo Kitsao ameuza mbuzi wawili kwa jina hilo,
na Mama akipiga simu haniulizi masomo,
huniuliza kama chuo kina maji.
Kina, Mama.
Yanatoka hadi saa mbili.

Hesabu yenyewe ilikuwa hii: mtoto wa kilo kumi na nne,
miligramu kumi kwa kila kilo,
na chupa ina miligramu mia katika kila mililita tano.
Utampimia ngapi?
Mimi nilimpimia dawa ya kumtosha ng'ombe.
Mwalimu akaandika pembeni, kwa wino mwekundu:
"Amekufa."

Tangazo lilikuwa ukutani nje ya maktaba,
chini ya lile la chumba cha kupanga Muyeye:
MSAADA WA HESABU ZA DAWA. JUMANNE, SAA KUMI.
CHUMBA CHA PILI. NJOO NA KALAMU.

Jumanne ya kwanza nilisoma tangazo la Muyeye.
Choo ndani, elfu nne, asiwe mlevi.
Jumanne ya pili nikalisoma tena.
Chumba kile nilikijua kama niliyezaliwa humo.

Ajabu. Mimi huomba kutwa nzima:
naomba chumvi, naomba nipite,
naomba chenji yangu, jirani naomba moto,
na ulimi hauniumi.
Lakini "naomba unieleze"
ilinikaa kooni kama mwiba wa tasi.

Jumanne ya tatu mlango ulifunguka wenyewe,
akatoka Dama Ngumbao, wa mwaka wa pili,
kumwaga majani ya chai.
Akanitazama.
"Wewe wa tangazo la Muyeye,
chumba kilishapata mtu. Ingia."

Ndani, watu saba, madawati manne.
Na Mwanajabu, yule wa Lamu,
ambaye darasani hujibu kabla swali halijafika mwisho,
alikuwa pembeni akitafuna kifuniko cha kalamu.
"Kwani ulidhani nayatoa wapi?" akaninong'oneza.

Dama hakunihutubia. Alisema, toa karatasi.
Akaikunjua, akasoma "Amekufa",
akacheka hadi akashika meza.
Kisha akafungua faili lake, akanionyesha ya kwake ya mwaka jana,
saba juu ya thelathini,
na pembeni, mwandiko uleule, wino uleule:
"Na huyu pia."

Tukaanza. Kilo kwanza.
Usiikimbilie chupa, alisema, chupa haina haraka.
Nikakosea. Nikakosea tena, mahali pengine,
akasema hayo ni maendeleo.
Feni ilikuwa mbovu. Magharibi ikaadhiniwa,
nusu ya chumba ikatoka kwenda kuswali,
sisi tukabaki na yule mtoto wa kilo kumi na nne.

Bibi yangu, jambo likimkaa sawa akilini,
husema "limenielea".
Nimelisikia neno hilo tangu utotoni, na sikulisikia.
Siku ile ndipo nilipoliona:
kitu kilichozama chini ya pipa
unakoroga, unachoka, unaacha mkono utulie,
na chenyewe kinapanda juu ya maji.

Mililita saba.
Nikazipigia mstari mara mbili.
Dama alikuwa ameshageukia mwengine.

Usiku, njiani Kisumu Ndogo, Mama akapiga.
Chuo kina maji?
Nilitaka kumweleza habari ya pipa.
Nikasema, kina.

Mtihani uliofuata nilipata kumi na saba.
Pembeni, wino mwekundu:
"Ana homa kidogo. Lakini yu hai."